Tone Moja la Kisima cha Mwalimu Shomari

Athumani mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, nawe ukaniitikia kwa hiyo sauti yako mpya iliyovunjika juzi, kwa hiyo naziruka. Mama yako yuko jikoni anakaanga vitumbua vya safari. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako, kifua mbele kama akida. Nami nimepata nafasi, nimekaa juu ya sanduku lako, maana humu ndani ndicho kiti pekee kisichoyumba. Ukilikuta limebonyea, ujue ni babako.

Sitakuandikia habari za kuoga, wala za kuswali kwa wakati, wala za kutokopa nguo ya mtu. Hayo mama yako ameshayasema mara arobaini, na kesho atakusindikiza nayo mpaka maji yamfike magotini. Mimi nina jingine, na nimechoka nalo. Upo uchovu wa kupiga kasia, na upo wa kubeba maboriti ya mikoko. Huo ukilala unaisha. Huu wangu nalala nao na kuamka nao, mwaka wa pili sasa.

Lakini kwanza acha nijisifu kidogo. Nikianza na lile jingine, majivuno yatanitoka yote na barua haitaandikika.

Kesho unakwenda Dar es Salaam kuwa mtu wa darubini katika hospitali ya Wadachi. Watu wa Salale wanasema mtoto wa Selemani kapata cheo. Waambie cheo hicho kilianza na babako, aliyesoma shule ya serikali mwaka mmoja na nusu, akafukuzwa kwa kumwigiza mwalimu wake anavyopiga chafya. Mwaka na nusu tu! Ningemaliza, leo ningekuwa nawachanja Wadachi wenyewe. Nilikuzaa ningali kijana wa ngoma, na hata leo wazee wananiita kijana mbele yako, nawe unageuza uso ili nisione unacheka. Nakuona.

Bwana Mganga, yule daktari wa Kidachi, alipofika hapa na masanduku yake alitaka mtu wa kufuta vioo anayejua kusoma herufi za Kizungu. Nilikuwa peke yangu. Siku ya kwanza akanikwangua meno kwa kijiti, ule utando akaupaka juu ya kibao cha kioo, akauacha ukauke, akaupitisha juu ya moto wa taa mara tatu, harakaharaka, usiungue. Akatia dawa ya buluu, akaosha, akadondosha tone la mafuta, kisha akanisukuma kichwa kwenye darubini. Siyo ile darubini ya manahodha ya kutazamia mbali. Hii hutazama chini, na kidogo hukifanya kikubwa. Nikaona vijiti vya buluu na vidoa vya buluu vimejazana kama dagaa kwenye wavu.

"Hawa wametoka wapi, Bwana?"

"Mdomo wako."

"Haiwezekani! Mimi napiga mswaki kila alfajiri."

Akacheka mpaka akavua miwani. Hiyo ndiyo shule yangu, Athumani. Nilianza kwa kujiona ndani ya kioo na kukana kwamba ni mimi.

Nilijifunza upesi, usidhani nakudanganya. Tulikuwa na waya mdogo wenye kitanzi ncha yake, wa kuchotea. Kabla ya kuchota unauchoma mpaka uwe mwekundu, ili ufe uchafu wa jana. Basi mimi, fundi, nikauchoma vizuri nikauchovya palepale kwenye maji ya mto, ukalia *shii*. Siku mbili baadaye hakikuota kitu, na Bwana Mganga akaandika kwamba maji ya mto ni safi. Nikajipiga kifua. Kumbe nilikuwa nimewapika wadudu wake wote! Waya lazima upoe kwanza. Unahesabu taratibu, unaungoja, mkono umetulia, wala huupulizi, maana pumzi yako nayo imejaa wale wa menoni. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kunanishinda. Kila jambo baya nililolifanya maishani nililifanya wakati waya haujapoa.

Na hili nalo ulijue, usiruhusu Mdachi yeyote huko alidai ni lake. Wao huwalisha wadudu chakula kilichogandishwa cha jelatini, wakamwaga tone la maji juu yake, kisha wakangoja. Kila mdudu mmoja, hata kama huwezi kumwona, anazaa palepale alipoangukia mpaka watoto na wajukuu wanakuwa kichuguu kidogo unachokiona kwa macho matupu. Ukihesabu vichuguu umejua tone lilibeba wangapi. Jambo zuri. Ila jelatini ya Ulaya ilipokutana na joto la Salale ikawa mchuzi. Bwana Mganga alikaa siku nzima anautazama mchuzi wake kama mtu aliyefiwa. Mimi ndiye niliyemwambia, "Bwana, chemsha kiazi." Tukachemsha, tukakata kwa kisu kilichopita motoni, tukafunika na bakuli. Wadudu wakala, wakashiba, wakaota rangi zao, wengine njano, wengine weupe, mmoja mwekundu kama damu. Baadaye akaniambia kwamba zamani wakubwa wa kazi hii huko kwao walianza na viazi vilevile. Nikamwambia, basi wakubwa wako nao walikuwa na akili.

Na kila mara tulitenga kiazi kimoja tusichokitia kitu. Tulikiita shahidi. Shahidi akiota naye, basi umechafua mwenyewe, kazi yote unamwaga. Asipoota, unaweza kusema neno.

Chupa zetu tuliziba kwa pamba. Hewa inapita, mdudu hapiti. Nilipenda kuziba kwa pamba, mikono inakuwa laini kama ya bwana harusi. Sikuwahi kujiuliza ile pamba imetoka shamba la nani.

Vita vilipoanza huko milimani Umatumbi nilijua pamba ilitoka wapi. Watu walikuja kwetu kwa miguu na kwa mitumbwi, wengine kutoka njia ya Nyamwage, wengine kutoka upande wa Kibiti, wamebeba watoto na kuku na kimya. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Unakumbuka tulivyolala watu wa nyumba tatu katika nyumba moja, nawe ukalalamika kwamba mgeni anakukoromea sikioni. Bwana Mganga akaitwa aende bara na askari kutibu majeruhi. Akaniachia ufunguo wa chumba cha darubini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuunga kwa gundi, lakini siku hiyo kilinyooka: "Wewe, tazama. Andika. Kusema, bado."

Mimi nikabaki mfalme wa chumba. Nikawafunga watu vidonda. Alikuja mzee mmoja risasi imempita begani, na vijana wamejaa mlangoni wanatazama. Nikamwuliza huku nafunga kitambaa, "Mzee, na yale maji mliyonyunyiziwa? Si mliambiwa risasi itageuka maji?"

Vijana wakaangua kicheko. Mzee akaninyooshea mkono vizuri nifunge.

"Kijana, wewe umelima pamba ya akida?"

"Sijalima."

"Umechapwa kwa ajili yake?"

"Sijachapwa."

"Basi funga kidonda, baba. Mtu akichoka tulivyochoka sisi, ukimpa neno la kushika, atalishika."

Nilimaliza kufunga, nikatoka nje nikaenda kuwaigizia vijana sauti yake.

Sasa nimefika, Athumani. Nimezunguka vya kutosha.

Watu walipojazana, kuhara damu kukaingia. Wanawake wakamwendea Mwalimu Shomari awape kombe. Wewe unamjua, ndiye aliyekufundisha alifu na be. Anaandika aya kwa zafarani kwenye ile sahani yake nyeupe, anaziosha kwa maji ya kisima chake, mgonjwa anakunywa. Hivyo ndivyo tulivyokunywa sote tangu tumezaliwa, na mimi nimo. Lakini mvua ilikuwa imekifurikia kisima, na watu walikuwa wamejenga vibanda mpaka karibu na ukingo wake. Mwalimu akaliona hilo. Akaja mlangoni kwangu ameshika chupa, wanawake nyuma yake. Mdogo wako Zena alikuwa mabegani mwangu, amenishika masikio kama anaendesha punda.

"Hodi, Selemani."

"Karibu, Mwalimu. Leo umekuja kusoma kwangu?"

"Nimekuja," akasema, wala hakuona haya. "Watu wanataka kombe, na maji yangu siyaamini. Wewe una jicho la Mdachi. Hebu yatazame uniambie."

Mtu mzima, mwenye chuo chake, amekuja mbele ya watu kusema hajui. Nilipaswa kujifunza hapohapo. Nikachukua tone moja, nikaliweka kwenye kioo, nikatazama pembe hii, nikatazama ile. Chembe ya mchanga. Unyuzi wa jani. Basi.

Na nilijua. Hapa soma mara mbili. Nilijua kwamba darubini inaona kipande kidogo cha tone, na tone ni kipande kidogo cha kisima, na ili umwone mdudu kwa kuchungulia tu vile lazima maji yawe yamejaa wadudu mpaka yanakaribia uji. Wachache wa kutosha kumwangusha mtoto wanajificha humo bila taabu. Nilijua kwamba njia ni kiazi na siku mbili. Viazi vilikuwapo, vimechemshwa. Nikafungua mdomo niseme, Mwalimu, ningoje siku mbili. Mwanamke mmoja huko nyuma akasema, "Haya, kioo kimemshinda." Wakacheka. Kicheko kidogo tu, Athumani, cha watu waliochoka wanaotafuta cha kuchekea.

"Safi," nikasema. "Safi kuliko mate yenu."

"Nisiyachemshe?" Mwalimu akauliza.

"Uyachemshe ya nini? Unataka kupika mchuzi wa zafarani?"

Wakacheka tena, na safari hii walicheka pamoja nami. Zena alicheka kuliko wote, akanipiga kichwani kwa viganja. Mwalimu akaandika, akaosha, na wa kwanza kupewa alikuwa Zena, kwa sababu alikuwa juu na mikono yake ilifika mbele ya wengine.

Siku ya tatu akaanza kuhara. Unajua yaliyofuata, ulimshika mkono.

Usilolijua ni hili. Alipoanza kuumwa nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Nikachoma waya, nikauacha upoe. Siku hiyo niliweza kuungoja. Nikatia maji ya kile kisima kwenye kiazi kimoja, na kingine nikakiacha kuwa shahidi. Siku ya pili shahidi alikuwa mweupe kama alivyozaliwa. Kile kingine kilikuwa kimeota vichuguu tele, vimeshikana, vinang'aa. Nikakitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu nikakichukua nikakitupa mtoni pamoja na bakuli.

Zena alipokufa, na wale watoto wawili wa wageni, watu walisema ni kombe la Mwalimu. Waliokuwa mlangoni kwangu walikuwa wengi wao wageni, wameshatawanyika, na wachache waliobaki hakuna aliyewauliza. Watu wakaenda kwake na mawe. Nawe ukaenda, mwanangu, na miaka yako kumi na miwili na machozi yako, ukaichukua ile sahani nyeupe ukaipiga kwenye kizingiti. Mimi nilikuwa nimesimama mbali kidogo na kizingiti hicho. Mwalimu alikitazama kigae kimoja kimoja, kisha akanitazama mimi. Nikatazama chini. Angeweza kusema. Hakusema. Nadhani aliona kwamba mimi ni mtu anayetoka kuzika.

Bwana Mganga aliporudi aliuliza maji ya kisima kile yalipimwa au hayakupimwa. Nikasema Mwalimu hakuyaleta. Akaandika hivyo katika kitabu chake. Akanisifu kwa kutunza chumba. Na kwa sifa hiyo, alipotafuta kijana wa kumpeleka hospitali kubwa, akasema mtoto wa Selemani.

Sasa unajua sanduku nililokalia limetengenezwa kwa kitu gani.

Kuna njia moja ya kutorokea na nimeitumia sana, kwa hiyo nakuonyesha ili ukiiona kwa mtu mwingine uitambue. Kile kiazi hakikuniambia ni wadudu gani. Wadudu wengi wanaota kwenye kiazi na hawana kosa na mtu. Huenda Zena aliupatia ugonjwa kwenye kikombe cha mgeni, au mkononi mwa mtoto mwenzake. Ni kweli tupu. Huwezi kunipinga, na Bwana Mganga mwenyewe hawezi. Nimekaa ndani ya hiyo huenda miaka miwili kama kaa kwenye tundu lake. Lakini swali halikuwa nani alimwua Zena. Swali lilikuwa dogo: Selemani, uliona nini? Niliona tone moja, kwa haraka, na nikasema kisima kizima. Kisha nikaona kiazi, na nikasema maji hayakuletwa. Mara mbili sikusema nilichokiona, mara moja kwa kujivuna na mara moja kwa woga.

Yule mzee wa begani simchekei tena. Wao waligawiwa maji na maneno na mtu aliyeamini anachosema. Mimi niligawa maji na maneno huku nikijua.

Utafundishwa mengi huko, na wewe una kichwa kuliko mimi, nakiri leo tu, usizoee. Watakuonyesha vijidudu vya homa ndani ya damu, watakupa darubini yenye vioo vya kugeuza, utaandika kwa Kidachi. Utakapotazama usione kitu, itakuja hamu ya kusema hakuna. Itakuja hasa wakiwapo watu wa kukutazama. Andika tu: sikuona. Andika na ulitazama kiasi gani. Wakikucheka, wacheke. Mimi nimejaribu kuchekwa na nimejaribu lile jingine, na nakuambia kuchekwa kunaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mama yako nilimwambia juzi. Aliinuka akaanza kuloweka mchele wa vitumbua, na tangu hapo ananiambia tu maneno ya lazima: kuni, chumvi, sogea. Sijui ataniambia nini siku akianza, nami sina haki ya kumharakisha.

Nilitaka kuifukia barua hii chini ya nguo zako uikute Dar es Salaam, bahari ikiwa katikati yetu. Ningekuwa Selemani yuleyule. Kwa hiyo nitaiweka juu ya mkeka wako uione ukiingia, jua lingalipo, uweze kunitazama usoni. Kesho chombo kikifika Bwana Mganga atakuwamo, amekuja kukuchukua. Nitamwambia kabla hujapanda, afute alichoandika. Yeye ni mtu wa kitabu. Anaweza kusema hataki mtoto wa mwongo katika chumba chake. Basi utakuwa umekosa safari kwa ajili yangu, na vitumbua tutavila hapa hapa tumenuniana. Anaweza pia kukuchukua. Vyovyote vile utakwenda au utabaki kwa jina la kweli, nami nakuomba radhi, mtoto kwa mzazi kinyumenyume.

Ila kabla ya Mdachi yupo mwenye haki yake. Mwalimu Shomari bado anaishi ng'ambo ya mto, katika lile dungu la kulindia mpunga, juu ya miti, kama ndege. Chuo hana. Wanafunzi hana. Watu wanampelekea mpunga kidogo na hawakai. Nakwenda leo hii kumwambia, kisha kesho nitayarudia maneno hayohayo msikitini, mbele ya wote waliompiga mawe. Nimemnunulia sahani. Si nyeupe kama ile.

Sikulazimishi kuja. Ulivunja sahani ya mtu kwa sababu babako alinyamaza, na kosa hilo ni langu kuliko lako. Lakini ulikuwa mkono wako, nami nakujua, utaukumbuka huko uendako kila unaposhika kioo.

Nipo nyuma ya jiko, pale nilipoufunga mtumbwi. Makasia yamo mawili. Maji yanajaa bado, nami nitakungoja mpaka yaanze kupwa.

Babako,
Selemani